Daraja la mawe kwa treni ya bustanini: tao la kweli au zege lililovishwa mawe?

MwanaKorogwe

Habari za leo wadau, na shikamooni wakubwa.

Niko Sheffield, Uingereza. Marehemu baba mkwe alituachia treni ya bustanini, na siyo ile ya kuzungusha mezani. Reli zake ni za shaba njano, upana wa milimita 45 kutoka reli hadi reli, vichwa viwili vya LGB (kampuni ya Kijerumani ya treni za bustanini), mabehewa ya abiria na ya mizigo, na njia inayozunguka bustani nzima ikapita nyuma ya mti wa tufaha mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua kule chini. Juu ya mtaro mzee alikuwa ameweka ubao. Ubao umeoza, treni haivuki tena, na watoto wananiuliza kila Jumamosi.

Nataka nijenge daraja la mawe lenye matao. Niseme na kwa nini nimelishikilia jambo hili. Nimezaliwa Korogwe, kwetu ni karibu na reli ya Tanga, na reli ile ina upana wa mita moja. Treni hizi za LGB, tangu zianze kuuzwa mwaka 1968, kipimo chake ni 1 kwa 22.5. Gawa mita moja kwa 22.5 unapata milimita 44 na ushee. Kwa hiyo njia iliyo bustanini kwangu ndiyo reli ya kwetu, imepunguzwa tu. Roho yangu haikubali ipite juu ya ubao mwingine.

Hali ilivyo: mtaro una upana wa mita moja na sentimita kama tano, kina sentimita 45. Maji hupita mvua ikinyesha sana tu. Udongo ni wa mfinyanzi, ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Baridi ya huku inagandisha ardhi. Nina rundo la mawe ya ukuta wa zamani ulioanguka, yale mawe ya kahawia ya chembechembe ambayo nyumba nyingi za huku zimejengewa. Ninafikiria matao matatu ya sentimita 30 kila moja.

Je, nijenge tao la kweli, jiwe kwa jiwe, au nimwage zege kisha nibandike vipande vya mawe kwa nje? Chokaa au saruji? Na msingi niende chini kiasi gani? Mume wangu yuko tayari kuchimba, lakini amesema kuhusu mawe niwaulize wanaojua.

KokotoTupu

Dada, mimi niko Arusha, kazi yangu ni bustani na vidaraja vya miguu. Ushauri wangu ni zege. Tengeneza boksi la mbao, ndani yake weka nusu za bomba la plastiki pale matao yanapotakiwa, laza nondo nyembamba, mwaga zege la kokoto ndogo. Subiri lishike kidogo lakini bado linakwaruzika kwa msumari, fungua boksi upande mmoja, chora mistari ya mawe. Ukishapaka rangi ya maji ya kijivu na kahawia, mtu akisimama hatua tatu hajui kama ni mawe au siyo.

Nimeshafanya hivyo kwenye bustani za wateja na hadi leo zipo. Siku mbili tatu kazi imekwisha, na watoto wanaona treni inavuka. Jiwe kwa jiwe kwa ukubwa huo utaumiza macho bure.

MwanaKorogwe

Asante sana kaka. Njia yako nimeielewa, na kama nitashindwa nitairudia. Hofu yangu ni baridi. Ukuta wa jirani umepigwa plasta ya saruji juu ya mawe, na kila mwaka ikifika Machi kuna kipande kimebanduka. Arusha hamna hilo tatizo. Tena nina mawe tayari, naona uchungu kuyaacha yalale.

MwashiWaShangani

Marahaba mwanangu, na KokotoTupu nakusalimu. Mimi uashi nilifundishwa na ami yangu Mji Mkongwe, Unguja, kwa chokaa na mawe ya matumbawe. Sasa niko kusini mwa Ujerumani, nafanya kazi ya kuta na majengo ya zamani. Bustanini kwangu lipo daraja la mawe la matao matano na treni za milimita 45 zinapita juu yake, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Jenga tao la kweli. Kila jiwe la tao limechongwa kama kabari, jembamba chini, pana juu. Likitaka kushuka linawabana jirani zake, na jirani wanalibana. Chokaa iliyo katikati ni godoro la kulalia tu, siyo gundi. Kwa hiyo hata chokaa ikizeeka daraja linasimama. Zege lililobandikwa mawe ni kinyume chake, gundi ndiyo inayofanya kazi yote. Maji yanapenya nyuma ya kipande, yanaganda, na maji yakiganda yanaongezeka kwa karibu asilimia 9. Hapo kipande hakina pa kwenda ila nje. Ndicho unachokiona kwa jirani. Zege tupu la KokotoTupu ni afadhali kuliko zege lililobandikwa, maana angalau ni kitu kimoja.

Sasa hesabu ya mawe yako. Tao la nusu duara la sentimita 30 lina nusu kipenyo cha milimita 150, na mzunguko wake wa ndani ni milimita 471. Tumia mawe 21. Lazima yawe witiri ili moja likae juu kabisa katikati, ndilo jiwe la kufungia. Unene wa tao uwe milimita 35. Ukiacha kiungo cha chokaa cha milimita 1.5, kila jiwe linakuwa na milimita 21 chini na 26 juu. Kata kigezo kimoja cha bati kwa vipimo hivyo, kila jiwe lipimwe kwa kigezo kile kile. Huna haja ya jiwe moja lipite upana wote wa daraja. Tumia vipande vya urefu wa sentimita 5 hadi 8, uvipishanishe viungo kama ukuta. Yale ya usoni yachonge kwa uangalifu, ya ndani yakiwa na ukwaru ni vizuri zaidi, chokaa itashika.

Kiunzi cha kubebea tao tengeneza kwa mbao mbili za plaiwudi zilizokatwa nusu duara, juu yake pigilia fito nyembamba. Fito zikiwa na unene wa milimita 5, basi plaiwudi ikate kwa nusu kipenyo cha 145, usisahau kutoa. Kiunzi kikalie kabari za mbao, mbili mbili zikitazamana, ili siku ya kukitoa uzilegeze pole pole, usikigonge kikatoka kwa mshtuko.

Na hapa nakuomba unisikilize sana. Kwenye uso wa plaiwudi, pale penye kitovu cha duara, piga msumari mdogo na ufunge uzi. Kila ukiweka jiwe, vuta uzi mpaka kwenye kiungo. Kiungo kifuate uzi sawasawa, kutoka chini hadi juu. Kama kimeinama, toa jiwe, punguza, rudisha. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayotofautisha tao na mapambo. Mtu ambaye hajawahi kushika mwiko akiona daraja ambalo viungo vyake havielekei kitovuni atahisi kuna kitu hakiko sawa, hata kama hawezi kukitaja. Jenga kutoka pande zote mbili kwa pamoja, jiwe la kushoto, jiwe la kulia, vinginevyo kiunzi kinapinda upande wenye uzito. La kufungia liwe la mwisho, liingie kwa kugongwa taratibu na kipande cha mti, siyo nyundo ya chuma.

Kuhusu mawe ya ukuta wako: hayo ya chembe kubwa sikushauri uyatumie kwenye tao. Kwa kipimo cha 1 kwa 22.5, chembe ya milimita 3 inaonekana kama kokoto ya sentimita 7, na ukikata kabari ndogo kona zinamegeka. Yatumie kwenye mabega ya daraja, yaani kuta nene za mwisho kila upande, na kwenye sehemu zilizofukiwa. Kwa tao tafuta kwenye rundo hilo hilo mawe yenye chembe laini kama unga, huwa yamo. Angalia na matabaka yake. Jiwe la mchanga lina matabaka kama lilivyolala ardhini, na kwenye tao matabaka yafuate viungo, yasitazame nje usoni. Yakitazama nje, baridi itayamenya jani kwa jani.

Msingi ndio unaoua madaraja madogo ya nchi za baridi. Udongo wa mfinyanzi ukiganda unavimba, na hauvimbi sawa kila mahali. Watu wanachimba shimo moja kwa kila nguzo, kisha nguzo moja inapanda, nyingine inabaki, tao linafunguka juu. Wewe weka bamba moja la zege chini ya nguzo zote na mabega yote mawili. Chimba chini ya sakafu ya mtaro, shindilia tabaka la kokoto zinazopitisha maji, unene wa sentimita 15, juu yake zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma katikati. Lifunike kwa changarawe, halitaonekana. Ardhi ikivimba, daraja zima linapanda na kushuka pamoja. Tena bamba hilo linakusaidia jambo la pili: tao halisukumi chini tu, linasukuma na pembeni. Katika nguzo za kati, tao la kushoto na la kulia yanasukumana na kumalizana. Mwishoni hakuna wa kumalizana naye, kwa hiyo bega liwe zito, nene kuliko nguzo mara tatu au zaidi, na likiwa limesimama juu ya bamba moja na mengine haliwezi kutambaa.

Nenda ukayaone haya kwa macho, uko pazuri. Karibu na kwako, Monsal Dale, kuna daraja la matao matano la mwaka 1863. Treni ziliacha kupita 1968 na sasa ni njia ya miguu, unaweza kutembea juu yake. Ukipata nafasi ya safari ndefu zaidi, nenda ukaone daraja la reli la Ribblehead. Matao 24, limejengwa miaka ya 1870, na kila nguzo ya sita ni nene kuliko nyingine. Walifanya hivyo ili tao moja likianguka, msukumo usiporomoshe daraja zima, uishie kwenye nguzo nene. Wewe mwenye matao matatu huhitaji nguzo ya namna hiyo. Sentimita 7 kwa nguzo zako zinatosha, na jumla unapata sentimita 104, mtaro wako umeenea.

Chokaa au saruji? Chokaa. Siyo kwa sababu ndiyo niliyolelewa nayo. Jiwe lako la mchanga ni laini kuliko saruji. Saruji inaziba kiungo, maji yanalazimika kutokea kwenye jiwe, na jiwe ndilo linaloliwa. Nunua ile chokaa inayoshika hata penye unyevu, imeandikwa NHL 3.5 kwenye mfuko. Sehemu moja ya chokaa kwa mbili na nusu za mchanga. Mchanga uchekeche mpaka zibaki chembe zisizozidi nusu milimita, la sivyo kiungo cha milimita 1.5 hakitakubali. Loweka kila jiwe kabla ya kulilaza, jiwe kavu linanyonya maji ya chokaa na chokaa inakuwa unga.

MtuWaMakupa

Mzee umesema yote, mimi naongeza la treni yenyewe. Dada, kabla hujapandisha kuta za pembeni juu ya daraja, chukua behewa lako refu kuliko yote na kichwa kipana kuliko vyote, vipitishe kwa mkono. Upana wa ndani usipungue sentimita 18. Na daraja lenyewe lipite kwenye njia iliyonyooka kama inawezekana. Kwenye kona behewa linatoa tumbo upande wa ndani na ncha upande wa nje, ukuta unakwaruzwa.

Reli usizigandishe kwa chokaa wala gundi. Ziache zikae na mataruma yake juu ya kokoto laini za milimita 3 hadi 6. Shaba njano inarefuka ikipata joto. Kwa urefu wa daraja lako, kutoka baridi ya chini ya sifuri mpaka jua la Julai, ni karibu milimita nzima. Ikibanwa, inajikunja.

Na kwa kuwa umetaja reli ya mita moja: madaraja makubwa ya reli ya Mombasa hadi Kisumu, hasa yale ya kuteremka milima ya Mau, yalikuwa ya chuma. Lakini vile vichwa vikubwa vya mvuke vya Garratt, aina ya 59, vyote 34, vilijengwa Manchester, jirani yako hapo. Nambari 5918, Mount Gelai, iko jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Urefu wake unapita mita 31, kwa kipimo chako ni mita 1.4. Kichwa kimoja kirefu kuliko matao yako yote matatu. Siku ukipata mfano wake, naomba picha kikiwa juu ya hayo matao, mwanzo na mwisho vimetokeza pande zote mbili. Baba yangu aliendesha hizo.

MwanaKorogwe

Jamani, nimesoma hapa mara mbili na nimemsomea mume wangu kwa Kiingereza. Ameshaanza kupima kamba kwenye mtaro.

MtuWaMakupa, hiyo picha nimekuahidi. Vichwa vyangu vya sasa ni vifupi vya Kijerumani, lakini ahadi ni ahadi.

Mzee, naomba nikuulize manne. Mawe ninayakata kwa nini? Grenda ya mkono ninayo. Kiunzi nikiache muda gani? Maji ya mvua yanayoingia kwenye kokoto juu ya daraja yanaenda wapi, maana umesema maji ndiyo adui? Na naweza kuanza sasa hivi? Huku ni Februari.

MwashiWaShangani

Grenda iweke pembeni. Mawe hayo yamejaa mchanga mgumu, na vumbi lake ni jembamba kiasi kwamba hulioni likielea. Likiingia mapafuni halitoki, na waashi wengi wamekufa kwa ugonjwa huo. Azima au kodisha mashine ya kukatia vigae inayomwagia maji kwenye bamba la almasi. Hata hivyo vaa barakoa ya kazi, siyo ile ya kitambaa, na tope linalobaki lioshe likiwa bado bichi. Watoto wasiwe karibu. Kwanza kata fito ndefu za jiwe, halafu tengeneza kishikio cha mbao kilichoinama nyuzi 4.3, kata upande mmoja, geuza, kata wa pili. Ukishakiweka vizuri kishikio, mawe yanatoka yanafanana.

Kiunzi: yaache matao yote matatu juu ya viunzi vyake mpaka umejaza pembe zilizo kati ya tao na tao, angalau nusu ya kimo chake, kwa mawe madogo na chokaa. Uzito huo ndio unaozuia tao lisifumuke kiunoni. Funika kwa gunia lililoloweshwa, liwe linarudishiwa maji, wiki mbili. Kisha legeza kabari za matao yote kidogo kidogo, zungukia moja baada ya nyingine. Usitoe kiunzi cha tao la kwanza huku mawili yakiwa bado yamebebwa, nguzo itasukumwa upande mmoja bila wa kuizuia. Utaona kiunzi kimeachana na mawe kwa upenyo wa karatasi. Hapo tao limebeba.

Maji: umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi. Juu ya matao, baada ya kujaza pembe, piga chokaa iwe na mteremko kuelekea juu ya kila nguzo. Tandaza karatasi ya mpira ile ya mabwawa ya samaki, ipandishe kidogo kwenye kuta za pembeni. Pale chini kabisa pa mteremko toboa, pitisha kijibomba chembamba cha shaba kitokeze usoni juu ya nguzo, sentimita moja nje ili maji yadondoke mbali na ukuta. Madaraja makubwa yana vitundu hivyo hivyo, vitafute ukienda Monsal. Kila vuli safisha majani ya mtaro na ya juu ya daraja, kijibomba kikiziba ni sawa na hakipo.

Kuanza sasa, hapana. Chokaa hiyo haitaki kulazwa chini ya nyuzi 5 za joto, na usiku wa huko bado unashuka. Msingi naye asubiri ardhi iachie baridi. Lakini kukata mawe, kutengeneza kigezo na viunzi, hayo yafanyeni sasa hivi bandani, ili ikifika Mei uwe na mawe yote 21 ya kila mstari yamepangwa sakafuni kwa mpangilio wake, yamejaribiwa makavu juu ya kiunzi. Jaribu makavu kwanza, bila chokaa. Ukiona yanakaa na uzi unakubali, yape namba kwa chaki.

Kabla ya hayo yote, chagua mawe mawili kwenye rundo, moja unaloona laini na moja la chembe, yaloweshe usiku kucha, asubuhi yapige picha kwa karibu na sarafu pembeni, uyaweke hapa. Nikiona maji yanavyokauka juu yake nitajua lipi linafaa kwa tao.

MwanaKorogwe

Yako kwenye ndoo tayari. Kesho asubuhi picha zitakuwa hapa.